Kufikiri kwa Sauti

Saluni ya msusi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga pamoja na dada yake. Dada mtu, tangu kibarua chake kilipoota nyasi, alikuwa amehamia kwenye kiti cha pembeni, kile chenye draya iliyoungua. Alikaa pale na kompyuta mapajani, kofia ya draya imeinama juu ya kichwa chake, hata wateja wageni wakadhani naye yumo kwenye foleni.

"Mbona huyu tangu asubuhi hakauki?" mmoja aliuliza.

"Huyo ni dada yangu. Anatafuta kazi."

"Ndani ya draya?"

"Kwani wewe ya kwako uliipatia wapi?" msusi akamjibu, vicheko vikapasuka, na dada mtu naye akacheka kidogo, kwa adabu, bila kuinua macho.

Mtaani walimwita Injinia. Hakuwa na daraja wala barabara aliyowahi kujenga. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta, zile amri zinazoiambia mashine ifanye nini mtu akibonyeza hapa au pale, na kazi hiyo aliianza tangu siku ambazo kompyuta moja ilijaza meza nzima na kupuliza joto kama jiko. Aliandika programu za mishahara, za tiketi, za stoo, za matokeo ya shule. Watu chungu nzima wamelipwa na kusafiri kwa kupitia mikono yake na hawamjui, naye hakuona ubaya wowote katika hilo.

Kilichomchosha hakikuwa kuandika. Kilichomchosha ni kuanza upya. Kompyuta nazo zina lugha zake, na lugha hizo huja na kupitwa na wakati kama mitindo ya nywele. Ya kwanza alijifunza akiwa msichana, akaijua mpaka akawa anaiota usingizini. Ikapitwa. Akajifunza nyingine, na nyingine baada ya hiyo, kila jioni akitoka kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Ya mwisho hakuwa hata ameimaliza watu wakaanza kuulizana nani siku hizi bado anatumia hiyo. Na kila aliposimama mbele ya kitu kipya alikuwa mtoto tena wa darasa la kwanza, ila mtoto mwenye magoti yanayouma. Kisha zikaja mashine zinazoandika programu zenyewe, ukiziomba kwa maneno tu. Mkubwa wake wa kazi akaitisha kikao, akawashukuru wote kwa mchango wao, na ile shukrani ndiyo iliyokuwa kwaheri.

Tangu hapo alituma maombi mpaka aibu ikamwisha. Wengi hawakujibu. Wengine walijibu kwamba uzoefu wake ni mkubwa mno kwa nafasi iliyopo. Siku aliposoma maneno hayo kwa sauti, msusi aliacha kusuka, vidole vikabaki hewani.

"Maana yake nini? Unajua sana, ndiyo maana hawakutaki?"

"Maana yake mimi mzee."

"Si waseme!"

"Hawaruhusiwi kusema."

Basi akakaa akaupunguza wasifu wake. Kazi za zamani akazifuta, miaka ya masomo akaiondoa. Msusi alichungulia begani kwake, chanuo likiwa limechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. "Lo, dada! Umejipunguzia umri kama unatafuta mchumba."

"Mchumba angekuwa nafuu. Mchumba hakupi mtihani."

"Kweli wewe hujawahi kuwa na mama mkwe."

Wasifu uliopunguzwa ulifanya kazi. Zikaanza kuingia barua pepe za kumwita kwenye usaili, na huko ndiko alikokutana na kisiki chenyewe. Siku hizi mtu wa kazi ile haulizwi tu amewahi kufanya nini. Anakalishwa mbele ya kompyuta, anapewa programu yenye kasoro, wasaili wanakaa pembeni yake, na anaambiwa airekebishe huku akisema kwa sauti kila anachofikiri. Kila anachofikiri! Wanataka kukisikia kichwa kikifanya kazi, kama fundi anavyosikiliza mngurumo wa gari.

Sasa Injinia maisha yake yote alifanya kazi kimya. Hakikuwa kimya cha kiburi. Alikaa tu mbele ya programu mbovu akaitazama, hagusi kitu, mikono ameibana katikati ya magoti, mpaka waliokuwa wageni ofisini wakadhani amelala macho wazi. Halafu ghafla anaona. Anaandika mistari michache, anainuka kwenda kujinyoosha mgongo. Hapo katikati kilipita nini, hata yeye hakuweza kukueleza. Na mbele ya wasaili alifanya hivyohivyo: akanyamaza, akaona, akaandika, programu ikafanya kazi. Majibu yakarudi yanafanana kana kwamba wameyanakili mahali pamoja. Tunashukuru kwa muda wako, ila hatukuweza kufuatilia mawazo yako.

"Jibu nililipata," alimwambia mdogo wake. "Wote hao niliwapa jibu sahihi."

"Kumbe hawakuhitaji jibu," msusi akasema. "Walihitaji mazungumzo. Wateja wangu pia wako hivyo, nusu yao nywele wangeweza kusukana nyumbani."

Kisha ikaja barua pepe kutoka kwenye kampuni inayotengeneza mifumo ya maghala ya dawa za hospitali. Kazi ya kudumu, ya kubuni na kuandika mambo mapya, kazi ya aina ile aliyoipenda tangu zamani. Usaili ni uleule wa kusema kwa sauti. Injinia alisoma hadi mwisho, akafunga kompyuta taratibu.

"Hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Wakinikataa na hawa, naacha. Sijifunzi tena kitu, siombi tena kitu. Utanifundisha kuosha nywele za watu, nitakaa hapa na wewe."

Msusi alimtazama kupitia kioo. Alitaka kufanya mzaha, akaona uso ule, akaumeza mzaha wake. Ambacho hakukiona ni kwamba dada yake, baada ya kuyatamka maneno hayo, alisikia kitu kama mkanda unaolegea kiunoni. Injinia aliitaka kazi ile. Aliitaka kweli. Lakini kulikuwa na pembe moja ya moyo wake, ndogo, aliyoionea haya, iliyokuwa ikitamani wamkatae ili apumzike.

"Kama ni ya mwisho," msusi akasema, "basi tuifanyie kazi. Mimi nitakufundisha kuongea."

"Wewe?"

"Nani basi? Mimi nikinyamaza hapa, mteja anadhani namkata sikio. Ndiyo maana siachi kuongea. Mikono inafanya yake, mdomo unafanya wake. Ni watu wawili, wala hawasalimiani."

Mazoezi yakaanza siku nesi wa mtaani alipokuja kusukwa rasta ndogondogo, zile za kukalisha mtu kiti kimoja kutwa nzima. Nesi alikuwa mteja wa miaka, mdomo wake hauna breki, na alipoelezwa kinachoendelea alifurahi kama aliyekatiwa tiketi ya sinema. Injinia akageuziwa kiti, akawatazama wote wawili, programu ya mazoezi ikafunguliwa kwenye skrini.

"Haya, anza," msusi akaamuru.

"Naona..." Injinia akanyamaza. Nje pikipiki ikapita.

"Unaona nini?"

"Nimeshaona."

Nesi akapiga paja. "Huyu ni kama daktari wetu mmoja, vilevile! Anakutazama, anaandika, unatoka na dawa mkononi hujui hata unaumwa nini."

"Na wagonjwa wanampenda?" msusi akauliza.

"Wanapona. Kumpenda, hawampendi."

"Umesikia, dada? Rudia."

Akarudia. Wiki ile yote alirudia. Msusi alimfanya aseme kwa sauti hata anapomenya vitunguu: sasa nashika kisu, sasa naondoa ganda, sasa machozi yananitoka kwa sababu hii na hii. Alimzuia kunywa chai mpaka aeleze kwa nini anatia sukari kwanza. Mwanzoni Injinia aliongea kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Polepole ulimi ukalainika. Akagundua kwamba kuna sentensi zinazokaa mahali popote, kama viti vya plastiki: ngoja nianze na kile ninachokijua, hapa naona njia mbili, hebu tuhakikishe kabla ya kuendelea. Ukizipanga vizuri, unaweza kupita kwenye programu nzima kutoka mlango wa mbele hadi uani, na anayekusikiliza anatikisa kichwa njia nzima.

Nesi aliporudi kurekebishiwa rasta chache zilizolegea alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi. "Injinia, hata mimi nimeelewa. Na sijaelewa kitu!"

Jioni ile, wakifagia nywele sakafuni, Injinia alisimama akaegemea ufagio. "Mdogo wangu, kuna kitu hakikai sawa. Nikiongea, sifikiri. Ninasema mambo ambayo mtu anayefikiri angeyasema."

"Wao watajuaje tofauti?"

"Hawatajua."

"Basi. Inua mguu, nywele hizo hapo."

Kesho yake, siku ya usaili, msusi alimkalisha akampaka rangi nyeusi kichwani. Injinia alikataa kwanza, kisha akakubali, kwa sababu kubishana nako ni kazi. "Mvi hizi zinaanza kuongea kabla yako," msusi alisema akimfunga taulo shingoni. "Tunataka leo waongee na wewe tu." Ilipokauka, Injinia alijitazama kwenye kioo, akamwona mwanamke mwenye nywele changa na macho yaleyale.

Ofisi yenyewe ilikuwa na kuta za vioo na maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi majani lakini si vyungu. Kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri alimpokea mlangoni. Yeye ndiye mkuu wa kitengo. Pamoja naye alikuwa binti mwenye miwani, wa kuandika maelezo.

"Karibu, mama," kijana akasema. "Maji? Kahawa?"

Neno hilo *mama* lilisemwa kwa heshima zote, na likamkaa begani kama mkono wa mtu anayekusaidia kuvuka barabara ambayo ungeweza kuivuka mwenyewe. Akaomba maji.

Mtihani ulikuwa huu. Kulikuwa na programu ya ghala la dawa. Mtu wa dirishani akitoa kisanduku cha dawa, programu inapunguza kimoja kwenye hesabu ya vilivyobaki. Kasoro ni kwamba wakati mwingine hesabu inashuka chini ya sifuri, yaani ghala linadai limetoa dawa ambayo halikuwa nayo. Atafute sababu, arekebishe, huku akisema.

"Ngoja nianze na kile ninachokijua," Injinia akasema.

Akaanza. Loo, aliongea siku ile! Maneno yalitoka moja nyuma ya jingine kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Akawaonyesha hesabu inakotoka na inakokwenda. Akasema hapa naona njia mbili. Binti wa miwani alikuwa akiandika bila kuinua kichwa, kijana wa ndevu akitikisa chake, na Injinia kwa pembe ya jicho aliona vile anavyotikisa akaongeza mwendo. Pembeni ya skrini mashine msaidizi ikapendekeza rekebisho: kabla ya kupunguza, programu iangalie kwanza kama kipo kilichobaki, kama hakipo, ikatae. Injinia akalisoma kwa sauti, akaeleza kwa nini linafaa, akalikubali. Wakaendesha majaribio, yale ya kupima kama programu sasa inafanya kazi. Alama za vema za kijani zikashuka moja baada ya nyingine hadi chini.

Kijana wa ndevu akaegemea nyuma. "Safi sana, mama. Nikuambie ukweli, mpaka sasa hatujampata mtu aliyeeleza vizuri namna hii."

Binti wa miwani akatabasamu, akafunika kalamu yake. Walikuwa wamebakiza muda, wakaanza kumweleza kuhusu timu, kuhusu siku za kufanyia kazi nyumbani, mambo ambayo mtu haelezwi kama hatachukuliwa. Injinia alitikisa kichwa akasema ndiyo, ndiyo, na kwa kuwa sasa waliokuwa wakiongea ni wao, mdomo wake ukapumzika kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Na mdomo ulipopumzika, akaona.

Dirisha la kutolea dawa halikuwa moja. Watu wawili, madirisha mawili, kisanduku kimoja cha mwisho. Wote wawili wanabonyeza kwa mpigo. Programu inamwangalizia wa kwanza: kipo. Kabla hajapunguziwa, inamwangalizia wa pili: kipo. Inawakubalia wote. Hesabu inashuka chini ya sifuri vilevile, na mtu mmoja kati ya wale wawili anaambiwa dawa yako ipo ilhali haipo. Majaribio yalipita kwa sababu yalipeleka mtu mmoja mmoja. Halikuwa kosa la kujificha. Akiwa kimya, angeliona kabla hajaketi vizuri. Lakini alikuwa anaongea.

Kijana wa ndevu alikuwa amefika kwenye habari za likizo. Injinia alitazama vema zile za kijani. Alijua kabisa hakuna aliyeona, na kwamba akisema asante akainuka akaenda zake, kazi ni yake. Tena hii ilikuwa programu ya mtihani tu, isiyotoa dawa kwa mtu yeyote duniani. Alijua hayo yote, na angali akiyajua, mkono ukaenda wenyewe kwenye kibodi.

"Nimekosea," akasema.

"Hapana, mama, imepita majaribio yote."

"Imepita. Ndiyo maana nimechelewa kuona." Akawaonyesha kwa vidole viwili juu ya meza, watu wawili wakikifikia kisanduku kimoja. Kijana akainama karibu na skrini, akakunja uso, akasema, "Aah." Binti akafunua kalamu tena.

"Naombeni kitu kimoja," Injinia akasema. "Ninyamaze kidogo."

Wakakubali, kwa mashaka. Akaibana mikono katikati ya magoti. Kilikuwa kimya kirefu, cha kukera. Binti alikohoa, kijana alitazama simu akairudisha. Kisha Injinia akafuta rekebisho lote lililosifiwa, akaanza kuandika lingine, la kukifunga kisanduku kikiangaliwa ili asije mwingine akakigusa mpaka wa kwanza amalize. Vema za kijani zikageuka nyekundu, zote. Hilo si ajabu, programu ikifunguliwa katikati huwa hivyo, kama saa iliyotolewa vipuri mezani. Lakini muda ukaisha ikiwa vilevile. Nje ya kioo alikuwa amekaa kijana mwingine na visikilizio shingoni, akisubiri zamu yake.

"Tutakupigia, mama," kijana wa ndevu akasema, na sauti yake haikuwa tena ile ya likizo.

Aliporudi, msusi alisoma matokeo kwenye viatu vyake, jinsi alivyovivua. Akamkalisha, akampa maji, akataka kuelezwa yote. Akaelezwa. Alisikiliza kimya, kitu ambacho hakuwa amekizoea, mpaka pale pa *nimekosea*, hapo akashindwa.

"Subiri. Ulikuwa umeshapata?"

"Nadhani."

"Na hawakuwa wameona?"

"Hawakuona."

"Dada! Maisha yako yote unanyamaza. Siku moja ya kunyamaza inafika, siku moja tu, ndiyo unafungua mdomo!"

Injinia akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akafuta macho kwa upindo wa kanga ya saluni, na msusi, akiwa bado amekasirika, akavutwa naye kwenye kicheko.

"Usidhani nilifanya ushujaa," Injinia akasema alipotulia. "Ilinitoka tu. Ningekuwa na nguvu ya kuizuia, pengine ningeizuia."

"Mimi ndiye niliyekuponza, na porojo zangu."

"Porojo zako zilifanya kazi vizuri mno. Hilo ndilo tatizo."

Siku zikapita, simu haikulia. Injinia alitimiza ahadi yake. Kompyuta aliifuta vumbi, akaiweka juu ya kabati, akafunga aproni ya pili. Msusi alimfundisha namna ya kushika kichwa cha mtu juu ya beseni, namna ya kupima maji kwa kiwiko, shampoo kiasi gani, uanzie wapi kusugua. Haikuwa kazi nyepesi, kiuno kililalamika, lakini kulikuwa na jambo moja: alichojifunza jana, leo kilikuwa bado kweli. Kichwa kilikuwa kichwa. Maji yalikuwa maji. Alilala usiku bila kujiuliza watu wanasema nini kuhusu lugha mpya. Msusi alimwona ananenepa kidogo mashavuni, akajiambia labda ndivyo mambo yalivyotakiwa kuwa, ingawa alipompita dada yake ameinama pale kwenye beseni, moyo ulimuuma, akapandisha sauti ya redio.

Simu ililia nesi akiwa kichwa chini, povu masikioni. Injinia alifuta vidole kwenye aproni, akaibana simu kwa bega.

"Mama, ni mimi, wa ule mtihani wa ghala." Alikuwa kijana wa ndevu. "Kwanza samahani kwa kuchelewa. Pili, ile nafasi tumempa mtu mwingine. Alimaliza ndani ya muda. Nisingependa usikie kwa barua pepe."

"Asante kwa kuniambia," Injinia akasema, na ile pembe ndogo ya moyo ikashusha pumzi.

"Ila kuna jambo jingine. Sijui utalichukuliaje. Tuna watu wa kuandika, na tuna mashine za kuandika, programu zinatoka nyingi kuliko zinazosomwa. Tunahitaji mtu wa kusoma. Kila kitu, kabla hakijaenda hospitali. Yaani kukaa, kusoma, na kusema hiki bado." Akasita. "Sitakudanganya, cheo chake ni cha chini kuliko ulichoomba. Na ni mkataba wa msimu tu. Mashine nazo zinajifunza kusoma, hakuna anayejua mwakani itakuwaje."

"Kuna usaili?"

"Hapana. Usaili tulishaufanya."

"Mnaandika kwa lugha gani sasa?"

Akaitaja. Ilikuwa mpya, aliwahi kuliona jina lake tu, mahali fulani, siku alizokuwa bado akifuatilia.

"Unaifahamu, mama?"

Injinia alitazama ukuta. Juu ya beseni palikuwa na picha za mitindo, wasichana wenye vichwa vilivyometa, nusu ya mitindo ile hakuna anayeitaka tena. Alijua anachotakiwa kujibu ili apumzike. Lilikuwa neno moja, hapana, na lingekuwa la kweli. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Bado," akasema. "Nitajifunza. Naanza lini?"

"Jumatatu ukiweza."

"Nitaweza."

Alipokata simu, msusi alikuwa amesimama na rasta ya mteja mwingine mkononi, mdomo wazi. Nesi aligeuza jicho moja kutoka ndani ya povu. "Ni nini? Ni nani? Mbona hamtuambii?"

"Wamenipa kazi," Injinia akasema. "Si ile. Nyingine. Ya msimu."

Msusi akapiga kigelegele kilichoshtua mpaka duka la jirani. Akamkumbatia dada yake, aproni na maji na vyote, akamtikisa. Kisha akamshika mabega akamsogeza nyuma kidogo, amtazame.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Mbona uso hauna habari?"

"Habari iko njiani," Injinia akasema. "Mdogo wangu, nilishatua mzigo. Nilishakaa chini kabisa, nikanyoosha miguu."

Msusi alimfungua kamba ya nyuma ya aproni iliyokuwa imelegea, akaifunga upya, kwa mkazo mzuri, kama anavyomfunga mtoto wa mtu.

"Shampoo inaniingia machoni jamani!" nesi akapiga kelele. "Hongera, lakini inaniingia!"

"Pole, pole, nakuja." Injinia akarudi kwenye beseni, akapima maji kwa kiwiko, akaanza kusuuza. Jumatatu ilikuwa karibu. Ingekuja na ukurasa wa kwanza wa kitu kingine asichokijua, na vijana wa kumwita mama, na baada ya msimu, huenda, na draya tena. Alipitisha vidole polepole kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, maji yakatoka meupe, halafu yakatoka safi.

"Mapovu yameshakwisha, Injinia," nesi akasema. "Si yamekwisha?"

"Bado kidogo," akajibu, akaendelea kummiminia maji.